Eti Mkristo haogopi? Dhana potofu za kipindi cha Majilio

Dhana: Mwenye imani ya kweli hana wasiwasi.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kila Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, huja watu kuniona wakiwa wamebeba mizigo miwili: wasiwasi wenyewe na aibu ya kuwa nao. Huyu kapoteza kazi, yule anasubiri majibu ya vipimo, mwingine hapati usingizi kwa habari za vita. Wote wameshaambiwa na wapendwa kanisani kwamba hofu ni dhambi, waikemee, na wasiikiri kwa kinywa. Basi wanaanza kuomba radhi hata kabla ya kueleza shida iliyowaleta.

Andiko wanalochapwa nalo ni 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Mnaolinukuu, someni na mstari wa nane, tafadhali. Paulo anamwambia Timotheo asiuonee haya ushuhuda wa Bwana, wala yeye Paulo aliye mfungwa. Anasema na mhubiri anayeweza kunywea mbele ya mateso, hasemi na mama anayekesha kando ya mtoto mgonjwa. Na Paulo huyohuyo anawaandikia Wakorintho waziwazi kwamba alipofika Makedonia, "nje palikuwa na vita, ndani hofu" (2 Wakorintho 7:5). Mstari unaofuata unasema Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Hakukemewa, aliletewa rafiki.

Tazama pia masomo ya Majilio yenyewe. Isaya 7, tunakolipata jina Emanueli, inamwonyesha mfalme Ahazi na watu wake wakitikisika kama miti ya mwituni katika upepo, kwa sababu Shamu (Siria) na Israeli wameungana dhidi ya Yerusalemu. Ahadi ilitolewa humohumo ndani ya hofu, tena kwa mtu aliyekataa hata kuomba ishara. Maria anafadhaika. Yusufu anaambiwa asihofu. Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Kristo kule Yordani, anatuma swali kutoka gerezani: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumshutumu. Alimpelekea habari za vipofu wanaoona na viwete wanaotembea, kisha akamsifu mbele ya makutano (Mathayo 11). Ukiwaondoa waoga wote katika masomo haya, sijui Jumapili utamsoma nani.

"Lakini Wafilipi 4:6 inakataza kujisumbua!" Naam, na iko kwenye masomo ya Jumapili ya tatu katika mwaka C, ule wa tatu katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya kanisani. Isome mpaka mwisho: haja zenu na zijulikane na Mungu. Utaijulishaje haja ambayo umekatazwa hata kuitaja? Ndiyo maana kila anayekuja kwangu nampa kazi moja, na wengine wameizoea hadi wanaitania. Chukua karatasi uandike unachokiogopa kwa jina lake. Usiandike "maisha", andika "kodi ya nyumba mwezi ujao". Halafu soma Zaburi ya 13 kwa sauti, ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Ni fupi sana, na inaanza na lawama: "Ee BWANA, hata lini?" Usiiruke sehemu hiyo ili ufike haraka kwenye kuimba.

Wasiwasi ukikunyima usingizi wiki baada ya wiki, moyo ukawa unaenda mbio pasipo sababu na kazi zikakushinda, muone daktari au mshauri nasaha huku maombi yakiendelea. Na anayekwambia kumeza dawa ni kukosa imani, kama amevaa miwani, mwombe aivue kwanza.

Dhana: Biblia imeandika "usiogope" mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka.

Haikuandika. Hesabu hutofautiana kidogo kwa kila tafsiri, ila hakuna inayofika huko. Sura mbili za kwanza za Luka zinatosha: anaambiwa Zakaria, anaambiwa Maria, wanaambiwa wachungaji. Wote walikuwa wameshaogopa tayari.

Dhana: Tumaini ni kuamini kwamba mwakani mambo yatanyooka.

Huo ni utabiri, na Desemba una wauzaji wengi wa utabiri. Tumaini la Majilio limeshikamana na Kristo aliyekuja na atakayekuja tena, na Warumi 8 inalitaja pamoja na kuugua, yaani kulia kwa uchungu. Yohana Mbatizaji hakutoka gerezani, alikatwa kichwa. Mahubiri ya tumaini yasiyo na nafasi ya Yohana nayaona mepesi mno kwa mtu mwenye shida.

Dhana: Vita na matetemeko ya mwaka huu yanatuonyesha tarehe ya mwisho wa dunia.

Mathayo 24:36 ilishalifunga jambo hilo: siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Somo la Luka 21, linalosomwa Jumapili ya kwanza ya mwaka C, linataka watu waviinue vichwa vyao kwa kuwa ukombozi umekaribia. Anayelitumia kuwatisha waumini amelisoma kichwachini.

Dhana: Mishumaa ya Majilio imetoka kwa mitume.

Ilianza Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern aliyekuwa akilea watoto maskini: mikubwa minne ya Jumapili, midogo ya siku nyingine. Ni desturi nzuri. Ukikosa mishumaa, hujapungukiwa na kitu.

Dhana: Majilio ni wiki nne kamili.

Ni Jumapili nne. Krismasi ikiangukia Jumatatu, kama ilivyokuwa 2023, Jumapili ya nne ndiyo mkesha wenyewe, na kipindi kizima kinakuwa siku 22. Anayepanga kuanza Zaburi ya 13 "wiki ya mwisho" atafute kalenda kwanza.