Wimbo Ulioununua Ni Wako Mpaka Lini?

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu asubuhi, kashika bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha CD moja ya taarab. "Mwanangu, hii naitunza kama yai," akaniambia. "Haijakwaruzwa hata kidogo. Lakini deki inapiga nyimbo tatu, ya nne inagoma." Nikaigeuza upande unaong'aa: kweli, safi kama kioo. Nikaigeuza upande wa picha na kuinyanyua mbele ya taa. Karibu na ukingo, mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga mstari, na mstari ule ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Aliandika jina lake kwa bikipeni, kwa nguvu, ili majirani wakiazima wasijisahaulishe.

Nimefanya kazi ya kuhifadhi sauti na picha kwa miaka mingi, na kosa hili naliona karibu kila wiki. Watu huulinda upande unaong'aa na kuuonea upande wa picha. Unene wa CD, kama milimita 1.2, karibu wote ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Muziki wenyewe uko juu kabisa, chini ya picha, kwenye utando wa chuma uliofunikwa kwa vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa chini mara nyingi husuguliwa ukaisha. Ukitoboa juu, umetoboa wimbo. Na kwa kuwa CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, nyimbo tatu za mwanzo zilipona. DVD ina nafuu, maana utando wake umebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Nilipomweleza, akacheka kicheko cha uchungu, kisha akauliza: "Sasa nitafute nyingine, au mjukuu wangu anipakulie kwenye simu yaishe?"

Hapo ndipo penye mkanganyiko, kwa sababu neno "kupakua" siku hizi limebeba mambo yasiyofanana. Mjukuu anaweza kununua faili la MP3 likakaa kwenye simu kama picha ya harusi inavyokaa. Anaweza pia kubonyeza alama ya kupakua ndani ya programu ya muziki ya kulipia kwa mwezi. Machoni ni kitendo kimoja. Lakini faili la pili limefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mwenye programu. Spotify, kwa mfano, hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zinagoma. Ukiacha kulipia, zimekwenda. Hakuna dhuluma hapo, mradi ujue kwamba umekodi. Mpangaji halalamiki akiambiwa nyumba si yake. Hulalamika aliyedhani amenunua.

Kuna jaribio dogo ambalo huwafanyisha wanaokuja hapa. Zima data na Wi-Fi. Fungua sehemu ya mafaili kwenye simu, si programu ya muziki, uutafute wimbo kwa jina. Ukiuona, mtumie mtu aliye karibu yako kwa Bluetooth, ajaribu kuufungua kwa simu yake. Ukicheza, faili hilo ni huru na litaishi kadiri utakavyolitunza. Ukikosa kuliona kabisa, au simu ya pili ikisema haifahamu faili la aina hiyo, basi ulichonacho ni ruhusa ya kusikiliza. (Baada ya jaribio futeni nakala ya mwenzako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya kunakili kwa matumizi binafsi. Kugawa na kuuza ni habari nyingine.)

Kwa filamu mambo ni makali zaidi, maana hata kitufe kilichoandikwa "nunua" huweza kumaanisha kukodi bila tarehe ya mwisho. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitaondolewa kwenye maktaba zao, kwa sababu ya mikataba na mwenye vipindi. Kelele zikawa nyingi, pande mbili zikakaa tena mezani, vipindi vikabaki. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuzinunua, baada ya kubainika kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, lakini fikiria muuza vitabu akiingia chumbani kwako usiku kuchukua kitabu, akakuachia noti juu ya mto. Jimbo la California huko Marekani limeona hilo: tangu Januari 2025 sheria yake inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Kwetu bado tunabonyeza tu.

Wala usidhani kuwa kazi ikiwa kwenye mtandao mkubwa imesalimika. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba mafaili yaliyopandishwa kwa zaidi ya miaka kumi yalipotea ilipokuwa ikihamisha mitambo. Zinatajwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Wanamuziki wachanga wengi walikuwa wameiweka kazi yao hapo tu, bila nakala nyumbani.

Sasa nigeukie upande wa vitu vya kushika mkononi, ambao moyo wangu unaupenda zaidi, nakiri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri zile zilikuwa nzito na zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Siti alifariki mwaka 1950, na sauti yake tunaisikia mpaka leo, si kwa sababu santuri ni imara, bali kwa sababu zilinunuliwa nyingi na kutawanyika pwani nzima. Ya huku ikivunjika, ya kule ipo. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzifuta zote kwa siku moja.

Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Hali ya hewa ya pwani ni adui wa kila kitu: unyevu na chumvi hula utando wa diski pale vanishi ilipoachia, ukungu huota kwenye kanda za video. Tena kifaa cha kuchezea kinatoweka kabla ya kanda yenyewe. Nina makabati ya kanda za VHS zilizo nzima kabisa, na deki mbili tu zinazofanya kazi, moja ikitafuna kanda inapojisikia. Kompyuta mpakato mpya zinakuja bila tundu la CD. Wanaoletewa DVD na ndugu walio ng'ambo nao wajue kuwa diski halisi huwa na namba ya kanda ya dunia. Ya Uingereza au ya Maskati ni namba 2, ya Marekani namba 1, na sisi Afrika Mashariki tumepangiwa namba 5. Deki isiyobagua itasoma zote. Inayobagua itakuandikia ujumbe wa kukataa, nawe utadhani diski ni mbovu.

Halafu si kila diski ni diski. Ile ya dukani yenye nembo ya mtayarishaji, na hapa Tanzania tangu 2013 yenye stempu ya kodi, aghalabu hupigwa chapa kiwandani: vishimo vya data vimepigwa kwenye plastiki yenyewe, pale utando wa chuma unapoilalia. Ile ya kuchomwa kwenye kompyuta hutegemea rangi maalumu inayobadilishwa kwa mwanga, na rangi hupauka, hasa ikiachwa juu ya dashibodi ya gari. CD moja huingiza megabaiti 700, ndiyo maana wauzaji wa barabarani huweza kukupa nyimbo 150 za MP3 kwenye diski moja. Msanii hapati senti, na baada ya miaka michache nawe hupati wimbo. Sioni cha kuitetea.

Kwa hiyo, flashi? Flashi ni gari, usiifanye nyumba. Hushika data kwa chaji ndogo sana ya umeme, na ikisahaulika kabatini miaka kadhaa bila kuchomekwa, chaji huvuja. Kuna na feki: kasha linasema GB 128, ndani mna 8, na kompyuta inadanganywa ionyeshe 128. Ukinunua mpya, ijaze mafaili mpaka pomoni, kisha fungua yale ya mwisho kuingia. Yasipofunguka, irudishe dukani siku hiyo hiyo kabla muuzaji hajakusahau.

Vijana wangu wa gemu huniambia haya hayawahusu, wao wananunua diski. Ni kweli kwamba diski ya gemu ina heri yake: unaimaliza, unaiuza, unabadilishana na mwenzako, na ya kupakua huwezi kuifanyia hivyo. Ila gemu nyingi za leo, hata ukiwa na diski, huanza kwa kukudai upakue gigabaiti kadhaa, na katika baadhi ya kadi za gemu za mashine ya Nintendo Switch 2 ndani mna ufunguo tu, gemu yenyewe iko mtandaoni. Mwaka 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew. Waliokuwa na diski wakabaki na kisahani. Kabla ya kulipa, soma kasha upande wa nyuma kwa maandishi madogo: likisema intaneti inahitajika muda wote, bei ya diski isikutie matumaini.

Kuhusu gharama nitasema machache, maana bei za bando hubadilika kila uchao. Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kawaida ni kama megabaiti 4. Ukiusikiliza mtandaoni kila siku mwaka mzima bila kuuhifadhi, umetumia karibu gigabaiti moja na nusu kwa wimbo mmoja. Filamu ya ubora wa HD inaweza kula mpaka gigabaiti tatu kwa saa. Kwa hiyo kitu cha kurudiwa rudiwa, kama nyimbo za watoto, kasida, taarab ya Ijumaa jioni, nunua faili au diski. Tamthilia utakayoitazama mara moja ukaisahau, lipia mwezi, tazama, ondoka. Kujaza nyumba DVD za filamu ambazo hutazirudia ni kuwafugia mende.

Na mkanda wa harusi? Huu nautaja kwa sababu ndiyo burudani inayotazamwa kuliko zote majumbani mwetu, na ndiyo inayoletwa hapa ikiwa mahututi. Mpiga video hukabidhi DVD mbili zenye picha ya maharusi, familia inashukuru, anafuta kompyuta yake apate nafasi ya harusi inayofuata. DVD hizo ni za kuchomwa, na picha imeshabanwa ili iingie kwenye gigabaiti 4.7, kwenye runinga kubwa ya leo bibi harusi anaonekana kama yuko nyuma ya chandarua. Mwambieni mpiga video mapema, kabla ya malipo ya mwisho, kwamba mnataka faili kamili kwenye diski kuu (hard disk) yenu. Kisha nakala iwe kwa bibi harusi, nyingine kwa wazazi mkoani, na nyingine kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo nywila yake anaijua zaidi ya mtu mmoja. Tuliwahi kuletewa simu ya marehemu yenye video zote za familia, na hakuna aliyeijua namba ya kuifungua.

Yule mama tulimnakilia nyimbo tatu nzima na nusu ya nne. Zilizobaki hazikuwa mtandaoni, nilitafuta. Nikamuuliza kama anamjua mtu mwingine aliyeinunua CD ile wakati ule. Akafikiri, akapiga simu Tanga kwa mdogo wake. Wiki mbili baadaye ilikuja kwa basi, ndani ya pakiti ya biskuti, imekwaruzika upande unaong'aa mpaka inatia huruma, lakini upande wa picha haukuguswa. Tukaisugua, ikasoma nyimbo zote sita. Mdogo wake akabaki na CD yake, mama akachukua ile tuliyomchomea, na mafaili yakaenda kwenye simu ya mjukuu. Jina, safari hii, aliliandika kwenye kasha.