Matusi ya Kiingereza: yalikotoka na yanavyotumika

Kwa Kiingereza, kula kiapo na kutoa lugha chafu ni kitenzi kimoja, "swear". Sababu yake ni ya kidini. Zama za Kati, tusi zito kuliko yote Uingereza lilikuwa kumwapia Mungu ovyo. Mtu akipandwa na hasira aliapa kwa damu ya Kristo, kwa majeraha yake, hata kwa mifupa yake, na wahubiri walifundisha kwamba kiapo cha hivyo kinamjeruhi Kristo upya. Viungo vya siri, kwa upande mwingine, vilitajwa mchana kweupe. Katika karne ya 13, London na Oxford zilikuwa na vichochoro vilivyobeba jina la uchi wa mwanamke, kwa kuwa ndiko makahaba walikopatikana.

Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji yeyote atakayetaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Makali yake yanaonekana hadi leo katika tamthilia ya Othello ya Shakespeare. Kwenye chapa ya 1622, neno la kwanza kabisa kutoka kinywani mwa Iago ni "'Sblood", yaani "naapa kwa damu ya Mungu". Kwenye chapa ya 1623 neno hilo halipo, na sentensi iliyobaki inaanza bila kiapo. Lakini dakika chache baadaye Iago huyohuyo anamwambia mzee Brabantio kwamba binti yake na Othello wanafanya "mnyama mwenye migongo miwili", yaani wanafanya ngono, na maneno hayo yakaachwa katika chapa zote mbili. Kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu wa kile Waingereza wa wakati ule walichokiona kuwa kichafu.

Polepole hofu ikahama kutoka mbinguni ikaja mwilini. Viapo vya zamani vikapoa au vikajificha: "gosh" anayotamka mtoto leo ni "God" iliyopindishwa, na "heck" ni "hell". Majina ya viungo, ngono na haja kubwa ndiyo yakawa mwiko. Samuel Johnson hakuyaweka mazito zaidi katika kamusi yake ya 1755, na kamusi kuu ya Oxford iliendelea kuliacha nje neno "fuck" hadi 1972.

Neno hilo limezungukwa na uzushi mwingi. Kuna wanaosambaza kwamba ni kifupisho cha kibali cha mfalme cha watu kulala pamoja. Si kweli. Ni neno la familia ya lugha za Kigermanik, ile ya Kiingereza chenyewe, lina ndugu zake katika Kiholanzi na lugha za Skandinavia, na tayari linaonekana ndani ya jina la utani la mtu katika kumbukumbu za mahakama ya Chester za mwaka 1310. "Shit" nayo ni ya Kiingereza cha kale, wala si kweli, kama wengine wanavyodai, kwamba ni kifupisho cha maandishi ya kwenye mizigo ya melini.

Leo maneno haya mara nyingi hayamlengi mtu. Yanatia mkazo, yanaonyesha mshangao au ukaribu wa marafiki, na yanapunguza maumivu pia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele waliwataka wanafunzi watumbukize mkono katika maji ya barafu. Walipotamka tusi walivumilia muda mrefu kuliko walipotamka neno la kawaida. Yanayochukiza zaidi siku hizi ni yale yanayodhalilisha watu kwa rangi yao au ulemavu wao. Mtangazaji anaweza kusamehewa "shit" iliyomponyoka, lakini neno la kuwatukana weusi litamfukuzisha kazi.

Hapa ndipo sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani tunapaswa kuwa macho. Utafiti uliofanywa kwa Waturuki wanaozungumza Kiingereza, ukipima jasho la ngozi, ulionyesha kwamba mwili unashtuka zaidi kwa maneno ya mwiko ya lugha ya kwanza. Ndiyo maana kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kulirusha neno la "F" mbele ya wakubwa bila kuona haya, ilhali tusi la Kiswahili lenye maana ileile hathubutu kulitamka. Yeye halisikii uzito wake. Mzungu aliyelikuta tangu utotoni, akilisikia kwenye usaili wa kazi, analisikia lote.