Kabla hujashuka shimoni: maswali ya mafundi na makeateka wa Nairobi

Mimi ni keateka wa ploti Kayole. Gari la kunyonya maji taka limemaliza kazi, na kijana mmoja yuko tayari kushuka tangini achote tope lililobaki. Kuna hatari gani tena?

Hatari imo kwenye tope hilohilo. Uchafu ukioza hutoa gesi, na nyingi hukwama ndani ya tope mpaka liguswe. Ndiyo maana mtu hushuka, akaongea na wenzake vizuri, halafu akapiga koleo la kwanza na kuanguka. Mwambie dereva atie maji, tope lilainike, kisha anyonye tena. Kazi inayowezekana kutoka juu isimshushe mtu.

Nikisikia harufu mbaya si nitapanda tu?

Pua itakudanganya. Haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, ikifika takriban sehemu 100 katika kila milioni ya hewa huzima uwezo wa kunusa. Harufu ikipotea utadhani hewa imekuwa safi, kumbe sumu imezidi. Ikipita sehemu 500, pumzi chache zaweza kukuzimisha. Kitambaa au barakoa haisaidii, maana haikuongezei oksijeni.

Fundi wetu hushusha mshumaa. Ukiendelea kuwaka, anaingia.

Tafadhali mwambieni aache leo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na ikishuka chini ya 19.5 mtu asiingie bila mtungi wake wa hewa. Mshumaa huendelea kuwaka hadi karibu asilimia 16, na kuhusu sumu hauonyeshi lolote. Isitoshe, methani, gesi nyingine ya uchafu unaooza ambayo hushika moto, ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, mshumaa huo ndio utakaolipua tangi. Kipimo ni mita ya gesi, ishushwe kwa kamba ipime juu, katikati na chini, kwa kuwa methani ni nyepesi na hupanda, ilhali haidrojeni salfaidi hulala chini.

Na tangi jipya la maji safi?

Nalo pia. Mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege likimwagwa, zikiachwa ndani na majimaji, kifuniko kikafungwa, kuoza kwake hula oksijeni. Na pampu ya petroli isiwashwe mle ndani kamwe: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo huwezi kuinusa.

Mwenzangu ameanguka ndani. Nifanyeje?

Usishuke. Najua ni ombi gumu, huenda ni ndugu yako na unamwona. Lakini hewa iliyomwangusha ndiyo utakayoivuta wewe. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu kama hizi ni walioingia kuokoa.

Piga 999 au 112 na useme wazi kuwa mtu yuko ndani ya shimo lenye gesi, ili waokoaji waje na mitungi ya hewa. Kama alifungwa kamba, mvuteni. Ndiyo maana kamba, kwenye mkanda wa mwili mzima, hufungwa kabla mtu hajashuka, na anayeishika juu haondoki hata kwenda kunywa chai. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Feni ya kupuliza hewa safi hadi chini nayo iwe inafanya kazi muda wote, na mita isizimwe.

Akitolewa, hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali. Mapafu yaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Nikikataa kushuka nitapoteza kibarua?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umripotie msimamizi hatari kubwa unayoiona, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha hapo kabla hajaiondoa. Kwa hiyo muulize mbele ya wenzako: mita iko wapi, kamba iko wapi, na nani atabaki juu?