Si kila ulichoandika seva imekisoma: dhana potofu kuhusu faili za mipangilio

Mombasa, mtandao ukisumbua, watu hutazama baharini. Wana sababu. Kebo za TEAMS na SEACOM zilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na wengi wetu tunaikumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini mwa bara na intaneti ikawa ya kukokota Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo tovuti ya hoteli ya Nyali ikikataa kufunguka asubuhi, mwenye hoteli ana jibu kabla hajampigia fundi simu: kebo imekatika.

Mara nyingi kebo ni nzima. Kilichoharibika ni mstari mmoja ndani ya faili ya mipangilio, ile inayoiambia programu ya seva ifanye kazi vipi. Nimeandika haya kwa sababu dhana zinazozunguka faili hizi zinawakesha vijana wetu wa kompyuta bure, na wateja wao wanapoteza biashara kwa kosa la kurekebishwa kwa dakika chache. Karibu dhana zote zinatokana na jambo moja: fundi anaiuliza faili imeandikwa nini, ilhali inayopaswa kuulizwa ni programu iliyo kazini: imeshika nini.

“Ni kebo, seva yetu haina neno”

Ukiona nambari ya kosa 500, 502 au 503 kwenye kivinjari, hilo tayari ni jibu. Ombi lilisafiri, likafika, likajibiwa vibaya. Njia ikikatika kweli, kivinjari hakipewi nambari yoyote kati ya hizo. Kinangoja mpaka muda wake uishe. Ila uwe mwangalifu kidogo ikiwa tovuti imewekwa nyuma ya Cloudflare, kampuni inayosimama kati ya wageni na seva yako. Huko nambari za 521 na 522 ni zao wenyewe, na maana yake ni kwamba wao ndio wameshindwa kuifikia seva yako. Kama seva hiyo iko ofisini kwako Mombasa, hapo ndipo pa kuuliza habari za laini na stima.

502 ina kisa chake, na hukutana nacho sana. Nginx, programu ya seva ya wavuti, imesimama mbele, inapokea wageni, kisha inapeleka ombi kwa programu iliyo nyuma, tuseme PHP-FPM, inayoendesha tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya PHP. Seva inasasishwa, PHP inapanda kutoka 8.1 hadi 8.3, na soketi, yaani faili ambayo programu hizi mbili huzungumza kupitia kwake, inabadilika jina kuwa `/run/php/php8.3-fpm.sock`. Faili ya Nginx bado imeandikwa 8.1. Hakuna aliyeigusa, na ndiyo maana kila mtu anaapa kwamba hakuna kilichobadilishwa. Fungua `/var/log/nginx/error.log` utakuta njia ya soketi ya zamani imetajwa kwa jina lake, pamoja na maneno “No such file or directory”. Ninasisitiza logi, yaani daftari la matukio ya seva, isomwe kwanza, kabla ya mtu kugusa faili yoyote.

“Nimehifadhi faili, basi imeanza kazi”

Programu nyingi za seva husoma mipangilio mara moja tu, zinapowaka, kisha huiweka kwenye kumbukumbu. Kubadilisha faili bila kuiarifu programu ni kama kubandika ratiba mpya ya feri ukutani pale Likoni bila kumwambia nahodha.

Nginx ina tabia nzuri ambayo huwaponza wengi. Ukiiambia ipakie upya mipangilio, na faili ikawa na kosa la uandishi, inakataa faili mpya na kuendelea na ile ya zamani. Tovuti haizimi. Fundi anaona ukurasa unafunguka, anafunga kompyuta, anakwenda zake. Wiki kadhaa baadaye stima inapotea, seva inajiwasha upya usiku, na sasa haina mipangilio ya zamani kwenye kumbukumbu ya kuangukia. Inasoma faili yenye kosa, inakataa kuwaka, na aliye zamu asubuhi hajui kwamba kosa ni la mwezi uliopita. Dawa ni fupi: `nginx -t` kila baada ya kuhariri, kabla ya kupakia upya. Kwa Apache, seva nyingine ya wavuti, ni `apachectl configtest`, nayo ikijibu “Syntax OK” unaweza kuendelea. Lakini amri hizi hukagua mipangilio ya seva ya wavuti tu. Hazijui kama nywila ya hifadhidata ni sahihi.

Yako mengine yasiyofuata kanuni hiyo. Faili ya `.htaccess` ya Apache husomwa kwa kila ombi, haihitaji kuwasha upya chochote. Ila inasomwa pale tu mpangilio wa `AllowOverride` kwenye faili kuu ya Apache unaporuhusu, na katika Apache 2.4 hali ya awali ni `None`. Mtu anaweza kuandika kanuni nzuri siku nzima ndani ya faili ambayo hakuna anayeifungua. Ukitaka kujua, na iwe kwenye tovuti ya majaribio, andika neno la ovyo kwenye mstari wa kwanza. Tovuti ikitoa 500, faili inasomwa. Isipotetereka, unaongea peke yako.

Faili ya `.user.ini` ya PHP hukaa kwenye kashe, yaani nakala ya muda kwenye kumbukumbu, kwa sekunde 300, basi subiri dakika tano kabla ya kulaumu mtu. Kwa Laravel, kiunzi cha kujengea tovuti za PHP, ukishaendesha `php artisan config:cache`, faili ya `.env`, inayobeba nywila na anwani za mfumo, haisomwi tena mpaka uisafishe kashe hiyo kwa `config:clear` au uitengeneze upya. Na ukihariri faili ya huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, `daemon-reload` hutangulia, kisha ndipo huduma iwashwe upya.

“Faili niliyoifungua ndiyo hiyo hiyo inayotumika”

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote.

Chukua ofisi ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini. Makarani wanapakia nyaraka zilizopigwa skani, na kila PDF ikizidi ukubwa fulani mfumo unaikataa. Fundi anaandika `php --ini`, anaonyeshwa `/etc/php/8.3/cli/php.ini`, anapandisha `upload_max_filesize`, anawasha kila kitu upya. Hakuna kilichobadilika. Faili aliyoihariri ni ya PHP ya kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Tovuti inatumia `/etc/php/8.3/fpm/php.ini`, faili tofauti kabisa katika Ubuntu na Debian. Ukweli unapatikana kwa kuweka ukurasa wenye `phpinfo()` na kuufungua kwa kivinjari: unaonyesha faili iliyopakiwa, na faili za ziada kutoka folda ya `conf.d`, ambazo husomwa baadaye na hivyo hushinda. Ukimaliza ufute ukurasa huo, maana unamwonyesha kila mpita njia undani wa seva yako.

Hata akiipata faili sahihi, bado ana milango mitatu ya kupitia. Nginx kwa hali yake ya awali huruhusu megabaiti 1 tu (`client_max_body_size`), na ikizidi hujibu 413. PHP nayo ina `upload_max_filesize` ya megabaiti 2, kisha `post_max_size` ya megabaiti 8. Huu wa mwisho ndio wenye hila: ukizidishwa, PHP huacha `$_POST` na `$_FILES` zikiwa tupu. Mfumo unamwambia karani hajajaza jina la mteja, ilhali amelijaza na analiona mbele yake. Nimesikia makarani wakiambiwa hawajui kutumia kompyuta kwa sababu ya mpangilio huu mmoja, na hilo linaniudhi.

Kwa Nginx, `nginx -T` yenye herufi kubwa humwaga mipangilio yote kama Nginx inavyoiunganisha kutoka faili zake zote, ikitaja kila kipande kimetoka wapi. Kwa vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo mfumo huipa programu inapowaka, kumbuka kwamba maktaba nyingi za `.env` hazifuti kigezo kilichokwisha kuwekwa na mfumo. Ukiwa na `DB_HOST`, anwani ya hifadhidata, iliyosahaulika ndani ya huduma ya systemd, unaweza kuhariri `.env` mpaka kuche. Systemd pia haisomi `.bashrc`, faili ya mipangilio ya terminali yako, wala cron, inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, haiisomi. Ndiyo maana kazi inayoenda vizuri ukiiendesha kwa mkono hufa saa nane za usiku.

“Tuko Mombasa, basi ni Africa/Mombasa”

Jina hilo halipo kwenye orodha ya kanda za saa. Kenya nzima ni `Africa/Nairobi`. Ukiandika `Africa/Mombasa` kwenye `php.ini`, PHP huandika onyo na kushika UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Linux ni kimya zaidi: ipe `TZ=Africa/Mombasa`, amri ya `date` itakupa saa ya UTC na kuandika neno “Africa” mbele yake kana kwamba imekuelewa. Mgeni anayelipia chumba saa saba usiku anaingizwa kwenye vitabu vya jana, saa nne usiku. Hesabu za mapokezi na za mhasibu hazikutani, na watu wanaanza kutiliana shaka kuhusu pesa.

“Nimeikagua kwa macho, haina kosa”

Macho hayaoni yote. YAML, mtindo mmoja wa kuandika faili za mipangilio, haikubali kitufe cha Tab kwenye ujongezaji wa mwanzo wa mstari, na Tab na nafasi zinafanana kabisa kwenye skrini. Faili iliyohaririwa kwenye Windows inaweza kuja na alama ya kurudi mwanzo kila mwisho wa mstari, au na baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili. Kipande kilichonakiliwa kutoka WhatsApp kinaweza kubeba nukuu zilizopinda, na hizo kwa seva si nukuu. Amri ya `cat -A` huanika haya yote: Tab inakuwa `^I`, mwisho wa mstari wa Windows unakuwa `^M$`, na zile baiti tatu zinatokea kama `M-oM-;M-?`.

Kuna na maneno yanayogeuka maana. Wasomaji wa YAML wanaofuata toleo la 1.1 huligeuza `no` kuwa si-kweli (`false`). Hoteli ikiorodhesha nchi za wageni wake, KE, TZ, DE, NO, mtu wa Norway anapotea kwenye orodha. Nambari ya simu inayoanza na 07, ikiwa haina 8 wala 9 ndani yake, husomwa kama hesabu ya msingi wa nane na kutoka nambari nyingine kabisa. Weka nukuu. Vivyo hivyo nywila kwenye `.env`: baadhi ya maktaba huiona `#` kuwa mwanzo wa maelezo na kuikata nywila katikati, na `$` ikaonekana kigezo. Nukuu moja moja (`'`) pande zote mbili humaliza jambo. JSON, mtindo mwingine wa faili hizi, nayo haitaki maelezo wala koma ya mwisho, na hakuna mjadala.

“Weka 777, itapona”

777 ni ruhusa ya kila mtu kusoma, kuandika na kuendesha faili. Haiponi, imeachwa wazi. Umempa kila mtumiaji wa seva, pamoja na programu-jalizi yoyote iliyovamiwa, ruhusa ya kuandika upya faili yenye siri zako. Jaribu `sudo -u www-data cat` kwa faili husika, yaani uisome kama mtumiaji wa seva ya wavuti. Ikikataa, tumia `namei -l` uone ni folda ipi njiani inayoziba. Mara nyingi faili yenyewe haina shida, ni folda ya juu yake inayokosa ruhusa ya kupitika. Kwa faili ya siri, 640 (mwenyewe asome na kuandika, kundi lisome tu, wengine wasipate kitu), mwenyewe akiwa root, msimamizi mkuu wa mfumo, na kundi likiwa la seva ya wavuti, yatosha.

“localhost ni ile ile kila mahali”

Kwa MySQL kwenye Linux, `localhost` humaanisha soketi ya faili, na `127.0.0.1` humaanisha mtandao. Moja inaweza kufanya kazi na nyingine ikakataa. Ndani ya konteina, yaani kisanduku kinachotenga programu na mengine kwenye seva, `localhost` ni konteina yenyewe. Hifadhidata iko kwenye konteina nyingine, na kwa Docker Compose, zana ya kuendesha konteina kadhaa pamoja, unaiita kwa jina la huduma yake, mathalani `db`.

“Haya ni makosa ya wanagenzi”

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita. Wauzaji wa Kongowea wanaopokea oda kwa WhatsApp walikaa kimya nao. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya mipangilio kwenye ruta za mtandao wake mkuu, na kwamba zana ya ukaguzi iliyotakiwa kuizuia amri iliyoleta mabadiliko hayo ilikuwa na kasoro. Basi kijana wa Tudor asione haya kuweka mipangilio yake kwenye Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, na kumwomba mwenzake asome kabla hajapakia. Isipokuwa siri. Siri haziingii Git.

“Niliifuta nywila, haipo tena”

Kuifuta kwenye faili hakuifuti kwenye historia ya Git. Yeyote mwenye nakala ya hazina hiyo ya faili anarudi nyuma kidogo anaiona. Ni vivyo hivyo kwa `.env` iliyowekwa ndani ya folda inayofikiwa na umma: ikiwa imewahi kufunguka kwa kivinjari, ichukulie imesomwa. Funguo za Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, nywila ya hifadhidata, zote zibadilishwe kwanza kwa upande wa anayezitoa, ndipo usafishe historia. Kufanya kinyume ni kuacha ufunguo unaofanya kazi mikononi mwa mtu wakati wewe unapiga deki.

Na ikiwa taarifa za wateja zimefikiwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipogundua. Mweleze mwenye hoteli siku hiyo hiyo, kwa maneno anayoyaelewa, ni taarifa zipi, za lini, na funguo zipi umeshazibadilisha.