Mapafu ya kupandikizwa nayo yanabana, tusidanganyane

Bamdogo yuko hapa Uyole, alipandikizwa mapafu India maana ya kwake yalishajaa makovu, na tangu arudi nyumba haiishi wageni na kila mgeni ana la kwake, mengine ni ya hatari kabisa ndo maana naandika.

Linalosemwa sana ni kwamba kawekewa mapya basi kifua hakiwezi kubana tena. Sio kweli jamani. Kinaweza kubana kwa njia mbili na watu wanazichanganya. Moja ni pale palipoungwa. Daktari anaunga mishipa mikubwa ya damu na bomba la hewa, ila ile mishipa midogo inayolisha ukuta wa bomba lenyewe kwa kawaida haiungwi, kwa hiyo wiki za mwanzo kiungo, yaani hapo palipoungwa, kinapata damu ya kubahatisha, kikipona vibaya kinaweka kovu na tundu linakuwa dogo, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Hicho kiungo kimesumbua madaktari miaka mingi. Mwaka 1963 Dkt James Hardy kule Mississippi, Marekani, alimpandikiza mtu pafu kwa mara ya kwanza, mgonjwa akaishi siku 18, ikapita miaka 20 wanajaribu na sehemu kubwa ya tatizo ni hapohapo kwenye kiungo, mpaka 1983 Toronto timu ya Joel Cooper ikafanikiwa, walikizungushia utando wa mafuta wa tumboni ili kipate damu. Utando wa tumboni! Niliposoma nilikaa kimya kwanza.

Njia ya pili ni vile vijibomba vidogo kabisa huko ndani, kinga ya mwili inavishambulia taratibu vinaziba kwa makovu. Hii inaitwa mwili kulikataa pafu polepole, na ikifika miaka 5 karibu nusu ya waliopandikizwa wanakuwa nayo.

Sasa mtu akisikia mlio kama filimbi kifuani anasema hiyo pumu, mpe inhela. Inhela inalegeza misuli iliyokaza, kovu halilegei. Kama ni kwenye kiungo wanaingiza kamera, wanatanua kwa puto, ikibidi wanaweka stenti, kijibomba cha kushikilia tundu libaki wazi, na pumzi inarudi vizuri tu. Vile vijibomba vidogo puto halifiki, hapo ni dawa za kupunguza kasi, na pumzi iliyopotea kwa kawaida hairudi, ndo maana kuchelewa ni kubaya sana.

"Mbona hakohoi, yuko fiti." Hili ndo linaniuma zaidi, maana neva za mapafu hukatwa wakati wa upasuaji, mgonjwa anaweza kuwa na makohozi huko chini na asisikie hamu ya kukohoa kabisa.

Baridi yetu ya Juni na Julai nayo inasingiziwa. Baridi haitengenezi kovu. Anayetakiwa kuogopwa ni mgeni mwenye mafua anayekuja kumsalimia, na moshi wa kuni, kwa hiyo mama mdogo kahamia gesi na mwenye mafua anasalimia kwa simu hata kama katoka Tukuyu na ndizi zake.

Dawa za kushusha kinga ni za maisha, hakuna cha mwili kuzoea. Na balungi asile, linapandisha kiwango cha takrolimasi, moja ya hizo dawa za kushusha kinga, kwenye damu mpaka figo zinaumia, mitishamba hivyohivyo usimpe kimyakimya bila daktari wake kujua.

Kipimo chake kikubwa ni kupuliza ile mashine ya spairomita, inaonyesha hewa inayotoka sekunde ya kwanza. Mtu wa lita 3 akishuka mpaka 2.4 hiyo ni asilimia 20, na anaweza kufika hapo bado anatembea mwenyewe mpaka sokoni, hajisikii chochote. Hata kabla ya kufika hapo, namba ikianza kushuka na kubaki chini unapiga simu, wamchunguze ni maambukizi, ni kiungo au ni mwili unakataa. Bamdogo anapuliza kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai, mwanae wa darasa la sita ndo anaandika namba kwenye daftari, na jana kaandika 2.7.