Nahau nyingi, Kiingereza kibovu
Insha na barua za kuomba kazi ninazosahihisha zinafanana kama pacha. Mvua hainyeshi tu, lazima iwe "raining cats and dogs". Mtihani hauwi rahisi, unakuwa "a piece of cake". Mwombaji kazi naye anamwahidi mwajiri asiyemjua kwamba ata-"hit the ground running", yaani ataanza kazi kwa kasi tangu siku ya kwanza. Nikiuliza kulikoni, najibiwa kwamba nahau ndizo zinazoonyesha mtu amekibobea Kiingereza.

Zinaonyesha mtu amekariri orodha, basi. Aliyeibobea lugha utamjua kwa mambo madogo: husema "heavy rain", hasemi "big rain", huandika "make a decision", haandiki "do a decision". Hayo hayakaririwi kwa sababu hayana mbwa wala paka wa kuchekesha, na ndiyo yanayowaangusha watu. Halafu wanaodhani "raining cats and dogs" itawapa hadhi wajue kwamba mwandishi Jonathan Swift aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1738, kitabu kilichokejeli mazungumzo ya waungwana yaliyojaa misemo iliyochuja. Ilikuwa imechuja tangu wakati huo!

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hunitolea hoja nyingine: vigezo vya kuzungumza, ukifika alama ya 7, vinataja neno "idiomatic". Ndiyo, vinalitaja, ila wao hulisoma kana kwamba limeagiza nahau. Kinachotakiwa ni kuzungumza kwa namna ambayo wenye lugha huzungumza, maneno yakiandamana na wenzake wa kawaida, pamoja na vitenzi kama "put off" na "turn down" vinavyotumika kila siku. Nahau ni sehemu ndogo tu ya hayo. Mtahini akikuuliza habari za ndugu zako nawe ukamrushia "blood is thicker than water", anatambua papo hapo kwamba ulikuja nayo mfukoni.

Tena nahau zina adabu zake, jambo ambalo orodha hazisemi. Orodha itakwambia "kick the bucket" ni kufa, nawe unakwenda kuiandika kwenye rambirambi. Ni sawa na kusimama mbele ya wafiwa ukasema mzee wao amekata kamba. Hapo huandikwa "passed away". Na usijaribu kuigeuza: ukiandika "the bucket was kicked", kifo kimetoweka na imebaki ndoo iliyopigwa teke. Lakini "the beans were spilled" inakubalika vizuri, siri imeshamwagika. Usitafute kanuni itakayokwambia mapema ipi inageuka na ipi haigeuki. Sikiliza na usome. Ukikutana na nahau mpya, andika sentensi nzima ulimoikuta, nani alikuwa akimwambia nani, na kama walikuwa wakitaniana. Zile orodha za nahau mia zenye maana pembeni, zichane.

Mengine niyapitie haraka. Hadithi kwamba "raining cats and dogs" ilitokana na paka na mbwa waliolala kwenye mapaa ya nyasi na kuteleza mvua iliponyesha ni uzushi uliosambazwa kwa barua pepe tangu mwaka 1999. "Saved by the bell" nayo haikutoka kwenye majeneza yaliyofungwa kengele ili aliyezikwa hai aombe msaada; ilitoka kwenye ndondi, bondia aliyezidiwa anapookolewa na kengele ya kumaliza raundi.

"Once in a blue moon" haina maana ya kamwe. Ni mara chache sana. Mtu akikwambia kwamba yeye huja kwako "once in a blue moon", bado yumkini atakuja.

Wapo pia wanaoamini kwamba nahau zetu zikifasiriwa neno kwa neno Mwingereza atazielewa tu. Mwambie Mwingereza huyo kwamba babu yako "has eaten a lot of salt" uone kama hatashauri mzee akapimwe presha.

Na kuna wanaodhani Kiingereza ni kimoja kila mahali. Uingereza, "to table" hoja ni kuileta ijadiliwe sasa. Marekani, ni kuiweka kando. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka jambo lile lile lijadiliwe. Kama kikao chako kina watu wa pande zote mbili, tumia "discuss" au "postpone" na uliache "table" lipumzike.