Je, wajua kwa nini Waholanzi walikula matunguu ya maua ilhali Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa ukingoni?

Ua la tulipu huchipua kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu maji. Mwanzoni mwa 1945, katika miji ya Amsterdam, Rotterdam na The Hague, tunguu hilo lilikuwa chakula cha jioni. Lilimenywa, likapasuliwa katikati, kiini chake cha njano kikatolewa kwa sababu kina sumu, kisha likachemshwa mpaka likalainika na kupondwa kama viazi. Asiyepata tulipu alichemsha viazisukari, ambavyo siku za kawaida hupelekwa kiwandani au hulishwa mifugo.

Sasa itazame kalenda. Paris ilikombolewa Agosti 1944. Brussels ilikombolewa mwanzoni mwa Septemba, na kusini mwa Uholanzi kwenyewe majeshi ya Washirika (Uingereza, Marekani, Kanada na wenzao) yalikuwa yameshaingia. Mikoa ya kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo hiyo ilikuwa na viazi, nafaka na maziwa, safari ya siku chache tu kwa baiskeli. Uholanzi ilikuwa nchi ya wakulima hodari, yenye ghala na daftari za mgao zilizopangwa vizuri. Ilikuwaje basi takriban watu 20,000 wafe kwa njaa katika miezi ambayo kila mtu alijua Ujerumani inashindwa?

Jibu linaanzia kwenye reli. Tarehe 17 Septemba 1944 Washirika waliteremsha maelfu ya askari kwa miamvuli, wakitaka kuyateka madaraja ya Uholanzi hadi lile la Arnhem, kisha waingie Ujerumani kwa mlango wa nyuma. Siku hiyo hiyo serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwaamuru wafanyakazi wa reli wagome, ili Wajerumani wasiweze kusafirisha askari wao. Wafanyakazi wapatao 30,000 waliitika na kwenda kujificha. Iliaminika kwamba mambo yangemalizika kwa siku chache.

Hayakumalizika. Washirika walishindwa Arnhem, na mito mikubwa ikabaki mpaka kati ya kusini iliyo huru na magharibi iliyokaliwa. Mgomo nao uliendelea. Arthur Seyss-Inquart, aliyekuwa akiitawala Uholanzi kwa niaba ya Hitler, akalipa kisasi: alipiga marufuku chakula kusafirishwa kwenda mikoa ya magharibi, ambako watu zaidi ya milioni 4 waliishi. Baada ya wiki kama sita, mwezi Novemba, aliilegeza amri hiyo na kuruhusu chakula kipite kwa njia ya maji. Lakini wiki sita za vuli ndizo ambazo miji hujaza ghala zake. Mashua nyingi zilikuwa zimenyakuliwa na jeshi la Kijerumani, mafuta hakuna, na kabla mwaka haujaisha barafu ikaanza kuifunga mifereji. Chakula kilikuwepo, kilichokatika ni njia yake.

Wapo wanaoilaumu serikali ya London kwa kutousitisha mgomo baada ya Arnhem kushindikana, na lawama hiyo ina uzito. Lakini kwangu mimi, aliyetia sahihi amri ya kuzuia viazi visifike kwa watoto ndiye mwenye deni kubwa. Seyss-Inquart alinyongwa Nürnberg, Oktoba 1946.

Kulikuwa na kitu kingine kisichotajwa sana: makaa ya mawe. Machimbo ya Uholanzi yalikuwa Limburg, kusini kabisa, na eneo hilo lilipokombolewa makaa yake hayakuweza tena kuvuka kwenda magharibi. Gesi ikakatika mijini, umeme ukafuata. Hata mwenye viazi vyake hakuwa na moto wa kuvipikia. Watu walikata miti ya barabarani usiku na kung'oa vipande vya mbao vilivyokuwa katikati ya reli za tramu. Amsterdam waliingia katika nyumba za Wayahudi, wakabomoa ngazi, sakafu na mihimili. Nyumba hizo zilikuwa tupu kwa sababu wenyewe walikwisha kupelekwa katika kambi za mauaji. Wayahudi zaidi ya 100,000 kutoka Uholanzi hawakurudi.

Mgao rasmi mijini ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku mwishoni mwa Novemba, na kufikia Februari ulikuwa chini ya 600, sawa na robo hivi ya anachohitaji mtu mzima. Waliotangulia kufa walikuwa wazee, hasa wanaume, na watoto wachanga. Amsterdam majeneza yalipungua, ardhi ikaganda, na maiti zikalazwa ndani ya kanisa la Zuiderkerk zikisubiri kuzikwa.

Waliobeba mzigo mzito wa kutafuta chakula ni wanawake. Wanaume walijificha, kwani Wajerumani waliwasaka ili wakafanye kazi za lazima. Rotterdam peke yake, kwa siku mbili za Novemba 1944, walikamatwa wanaume wapatao 50,000. Kwa hiyo mama au binti mkubwa ndiye aliyetoka na baiskeli isiyo na mipira, ikikwaruza barabara kwa rimu tupu, akaenda kilomita kwa kilomita kuwabembeleza wakulima. Alibeba mashuka, saa, pete ya ndoa. Wakulima wengine walitoa bila kudai kitu, wengine walilangua bila huruma. Na akishapata gunia lake la viazi, bado kulikuwa na vizuizi vya askari njiani. Makumi ya maelfu ya watoto walipelekwa mashambani wakalelewa na familia wasizozijua, jambo lililoyaokoa maisha ya wengi.

Kwa nini Washirika hawakuja? Majenerali waliamini kwamba njia fupi ya kuikomboa Uholanzi ni kuipiga Ujerumani yenyewe. Walipovuka mto Rhine Machi 1945 waliendelea mashariki, na Wakanada, pamoja na Waingereza waliokuwa chini yao, wakazikomboa Arnhem na Groningen katikati ya Aprili. Magharibi ikabaki nyuma. Kupigana huko kulikuwa na hatari yake: sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na tarehe 17 Aprili Wajerumani walilipua tuta lililozuia maji yasiingie eneo la Wieringermeer, yakameza mashamba yote ya huko.

Ndipo maadui wakaketi pamoja. Katika shule ya kijiji cha Achterveld, mwishoni mwa Aprili, maofisa wa Washirika na wa Kijerumani walikubaliana kwamba ndege za chakula zisipigwe risasi. Tarehe 29 Aprili, kabla makubaliano hayajatiwa sahihi, ndege za Lancaster za Uingereza ziliingia zikiruka chini sana, kiasi cha mita 150 hivi, mbele ya mizinga ya Kijerumani. Mizinga hiyo haikufyatuliwa. Milango ya mabomu ikafunguka, yakadondoka magunia ya unga, maziwa na mayai ya unga, makopo ya nyama, chai. Wamarekani walijiunga Mei mosi. Kufikia tarehe 8 Mei zilikuwa zimeangushwa tani kama 11,000. Watu walipanda juu ya mapaa wakipunga mashuka, na mahali pengine waliandika neno la shukrani kwa maua ya tulipu shambani ili marubani walisome.

Wazee wengi wa Kiholanzi walisimulia miaka mingi baadaye kwamba siku hiyo mkate mweupe ulianguka kutoka mbinguni. Haikuwa hivyo. Mkate mweupe waliokula ulitokana na unga ulioletwa kwa meli kutoka Sweden mwezi Januari, ukaokwa na kugawiwa wiki kadhaa baadaye. Chakula cha ndege kilikusanywa kwanza, kikahesabiwa ili kigawiwe sawasawa, na wengi walikipata baada ya Wajerumani kusalimu amri. Kumbukumbu za watu wenye njaa zimeunganisha siku mbili za furaha kuwa moja.

Waliokuwa tumboni mwa mama zao majira hayo wameleta elimu ambayo hakuna aliyeitafuta. Kumbukumbu za hospitali za uzazi zilitunzwa, na watafiti wakawafuatilia watoto hao wakiwa watu wazima. Waligundua kwamba miili yao, kwa wastani, huitawala sukari vibaya kuliko ya watu wengine, na waliopatwa na njaa katika miezi ya mwanzo ya mimba waliugua zaidi magonjwa ya moyo. Mwaka 2008 utafiti mmoja ulionyesha kwamba hata alama za kemikali juu ya jeni yao mojawapo zilikuwa tofauti na za ndugu zao wa tumbo moja waliozaliwa wakati wa shibe. Walipopimwa walikuwa na umri wa miaka kama 60.